Chagua Valvu kwa Kuangalia Nani Atakujazia Upepo

Hotuba kwa mafundi na wapanda baiskeli, Temeke, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, poleni na kazi. Vijana, hamjambo?

Nashukuru kupewa nafasi hii. Nawaona hapa wauza madafu, nawaona vijana wa maguta, zile baiskeli za mizigo za magurudumu matatu, nawaona wabeba mkaa wanaoshuka kutoka Pugu, na kule nyuma nawaona wenye baiskeli za mbio wanaotoka alfajiri kuelekea Bagamoyo. Ni mara chache sisi sote kukaa chini ya mwembe mmoja. Leo sitagusa breki wala gia. Nimekuja na kitu kidogo kuliko kidole, kinachotokeza kwenye rimu na ambacho wengi hatukitazami mpaka siku kimetukwamisha. Nazungumzia valvu, ule mdomo wa tyubu unaopitisha upepo.

Kuna atakayeuliza, valvu nayo ni jambo la kuita watu? Ni jambo. Simama asubuhi pale Tandika au Buguruni uzitazame baiskeli zinazopita na mizigo. Nyingi zinakwenda na upepo nusu. Tairi la nyuma limelala, mashavu yametanuka, mwendeshaji anakanyaga kwa nguvu zake zote, na anaamini kwamba uzito wote anaousikia ni wa mzigo. Sehemu kubwa ya uzito huo ni tairi linalojikunja na kujikunjua kila linapozunguka. Nguvu ya miguu yako, uliyoipata kwa chai na chapati uliyolipia, inaishia kwenye mpira unaopata moto bure.

Sasa muulize mtu huyo kwa nini hajajaza upepo. Hatakuambia hajui umuhimu wake. Atakuambia, "Pampu ya pale haishiki." Au, "Nimepiga pampu mpaka mkono umechoka, haiingii." Au, "Kule sheli, kituo cha mafuta, kichwa cha pampu yao hakikai kwenye valvu yangu." Sikilizeni vizuri majibu hayo. Yote matatu ni habari ya valvu. Ndiyo maana nasema, na nitalisimamia neno hili mpaka mwisho: matairi yetu yana upepo haba kwa sababu valvu tulizonazo hazipatani na pampu zilizo karibu nasi. Watu wa baiskeli wa mji huu si wavivu. Mtu anayetoka Mbagala na magunia akafika Kariakoo kabla jua halijachomoza, huyo usimwite mvivu mbele yangu.

Nianze na hasara yenyewe, maana mafundi mliopo hapa mnaiona kila siku. Tairi lenye upepo kidogo likigonga shimo au ukingo wa lami, rimu inaibana tyubu mpaka chini na kutoboa matundu mawili yanayotazamana. Hilo ni la kwanza, na kiraka kinalimaliza. La pili ni baya zaidi. Tairi lililolegea halibaki pale pale juu ya rimu. Ukikanyaga kwa nguvu au ukifunga breki ghafla, linateleza kidogo kidogo na kuivuta tyubu pamoja nalo. Lakini shina la valvu limeshikwa na tundu la rimu, haliwezi kwenda. Basi valvu inaanza kulala upande. Leo imelala kidogo, wiki ijayo imelala zaidi, na siku moja inakatika pale shina linapoungana na mpira. Pancha ya hapo haishiki kiraka. Tyubu nzima inatupwa, hata kama ilinunuliwa juzi.

Kwa hiyo ukiona valvu yako haijasimama wima, usiisubiri. Toa upepo wote, lishike tairi kwa mikono miwili, lisukume pamoja na tyubu mpaka valvu inyooke, kisha ujaze. Ni kazi ya muda mfupi na haihitaji hata spana.

Haya, tuje kwenye valvu zenyewe. Baiskeli zinazopita Dar es Salaam zina valvu za namna tatu, na nitaziita kwa sura zake ili tusipotezane.

Ya kwanza ni valvu ya kipira. Hii ndiyo ya baba zetu. Iko kwenye baiskeli nyingi za kazi, zile ndefu za chuma zenye keria ya nyuma, na iko pia kwenye baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile zenye kapu mbele, maana Wajapani bado wanaitumia kwa baiskeli zao za kila siku. Wazungu wanaiita Dunlop au Woods. Dunlop ni yule daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa akiishi Belfast, ambaye mwaka 1888 alipata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya tairi la upepo baada ya kumtengenezea mwanawe matairi ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Kabla yake Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kuisajili fikra hiyo hiyo mwaka 1845, ila wakati wake baiskeli za kuitumia hazikuwepo. Tairi la upepo lilipopata kazi, ndipo watu walipoanza kusumbuka na swali ambalo sisi bado tunalo: upepo utaingiaje kwa urahisi na usitoke?

Jibu la valvu ya kipira ni hili. Fungua ile nati ya juu, vuta kiini. Utaona kijibomba chembamba cha chuma chenye tundu dogo ubavuni, na juu ya tundu hilo umevishwa mpira mwembamba, unaokibana kijibomba kama soksi inavyobana kifundo cha mguu. Ukipiga pampu, upepo unashuka ndani ya kijibomba, unatokea kwenye lile tundu la ubavuni, unausukuma mpira pembeni na kupita. Ukiacha kupiga, mpira unarudi na kuliziba tundu, na upepo wa ndani ya tyubu unazidi kuukandamiza. Hakuna springi, hakuna sindano. Ni akili safi sana, na imedumu zaidi ya miaka mia moja.

Lakini tazameni gharama yake. Kila unapopiga pampu unashindana na wawili: upepo uliokwisha kuwa ndani ya tyubu, na mpira wenyewe usiotaka kutanuka. Mpira ukiwa mpya na mnene, au ukiwa umeganda kwa kukaa muda mrefu, unaweza kupiga pampu dhaifu mpaka jasho likutoke na kisiingie kitu. Huyo ndiye aliyesema, "Nimepiga pampu, haiingii." Hakusema uongo.

Jambo la pili kuhusu valvu hii: geji, kile kipimo cha upepo, haiwezi kukusomea upepo uliomo ndani ya tairi. Mpira ule hauruhusu upepo kurudi nyuma, kwa hiyo geji ya pampu inasoma kilichomo kwenye bomba la pampu tu, yaani upepo wa tairi ukijumlisha na ule wa kuushinda mpira. Ukiona PSI 60 pale, na PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo, tairi lina pungufu ya hapo. Kwa valvu ya kipira, kidole gumba ndiyo geji, na anayekitumia kila siku hudanganyika mara chache.

Jambo la tatu ni joto letu. Mpira mwembamba haupendi jua, na baiskeli ya kazi hapa mjini inashinda juani. Mpira unapasuka nyufa ndogo au unalainika na kunata. Hapo upepo unavuja taratibu. Jioni umejaza, asubuhi tairi liko chini. Unakwenda kwa fundi, fundi anavua tairi, anatoa tyubu, anaizungusha kwenye beseni la maji, haoni povu. Anairudisha, na kesho yake mambo ni yale yale. Mafundi, nawaomba sana kitu kimoja hapa: kabla hujagusa tairi, weka mate au tone la maji juu ya valvu. Likitoa kipovu, umepata ugonjwa na hujachafua hata mikono.

Na dawa yake ni rahisi kuliko pancha yoyote. Naomba niieleze polepole kwa vijana wanaojifunza. Fungua nati ya juu kwa vidole. Vuta kiini juu, upepo wote utatoka, usishtuke. Ubandue mpira wa zamani wote, hata yale mabaki yaliyonatia chumani, yakwangue kwa ukucha mpaka chuma king'ae, kwa sababu kipande kidogo kikibaki, mpira mpya hautakaa sawa. Kata mpira mpya, wa kutosha kufunika tundu la ubavuni na kupita chini yake kidogo. Ulowanishe kwa maji, usitumie mafuta, maana mafuta yanauoza mpira. Usukume taratibu mpaka ufike juu kwenye ule unene wa kijibomba, kwa sababu pale pia ndipo unapoziba mdomo wa shina. Rudisha kiini, kaza nati kwa vidole. Jaza upepo, weka tone la maji juu, tazama. Umemaliza. Mtu mwenye kipande cha mpira mfukoni hawezi kulala njiani kwa ajili ya valvu, awe Mkuranga au awe Kisarawe. Hii ndiyo heshima ya valvu ya kipira, na naitambua kwa moyo wote. Inatengenezeka kwa mikono mitupu.

Kuna habari njema pia. Vipo viini vingine vya valvu hii visivyo na mpira kabisa. Ndani yake kuna kigololi kidogo kinachoziba na kufungua njia ya upepo. Vinaingia kwenye shina lile lile na vinafungwa kwa nati ile ile, na kujaza kunakuwa chepesi mno kwa sababu hakuna mpira wa kutanua. Ujerumani vinatumika sana. Wafanyabiashara wa Kariakoo mliopo hapa, leteni vitu hivi. Vinaingia kiganjani kwa makumi, havina uzito wa kukusumbua kwenye usafirishaji, na kwa muuza madafu mwenye valvu ya kipira hiyo ni nafuu ambayo ataisikia mkononi siku ile ile.

Ya pili ni valvu ya gari. Haihitaji maelezo marefu, kwa sababu kila mtu ameiona kwenye gari na kwenye bodaboda. Ni nene, upana wake kama milimita 8, ina sindano katikati na springi ndani. Jina lake la kitabuni ni Schrader, kutokana na kampuni ya August Schrader wa New York, na hataza yake ni ya mwaka 1893. Kichwa cha pampu kikikaa vizuri, kinaibonyeza sindano, njia inafunguka, upepo unaingia bila kushindana na mpira wala springi. Ukitoa kichwa, springi inafunga. Ile sauti ya kufoka unayoisikia unapokitoa, sehemu kubwa ni upepo uliokuwa kwenye bomba la pampu, kwa hiyo usifadhaike na kuanza kujaza upya. Na geji inasoma upepo halisi wa tairi.

Adui wa valvu hii ni mchanga. Valvu ikitembea bila kofia yake, vumbi linakaa juu ya sindano, kisha kichwa cha pampu kinalisukuma ndani, na kiini kinaanza kuvuja. Wale wa Kigamboni mnaopita kwenye mchanga na chumvi ya bahari kila siku, kofia kwenu ni lazima. Kikivuja, mara nyingi kimelegea tu: kikaze kidogo kwa kifungulio chake. Zipo kofia za chuma zenye ncha yenye mfereji zinazofanya kazi hiyo hiyo. Ukiipata moja, usiipoteze.

Ya tatu ni valvu nyembamba, Presta, iliyotoka Ufaransa. Ndugu zangu wa baiskeli za mbio, hii ni yenu. Upana wake ni milimita 6. Ilifanywa nyembamba kwa sababu rimu ya baiskeli ya mbio ni nyembamba, na kila unavyotoboa tundu kubwa ndivyo unavyoidhoofisha. Haina springi, kinachoifunga ni upepo wa ndani wenyewe pamoja na kinati kidogo kilichoko kwenye ncha. Kwa upepo mwingi, ule wa PSI 80 mpaka 120 unaotakiwa na tairi jembamba la mbio, inafanya kazi nzuri sana.

Ila wengi wanaishindwa mara ya kwanza kwa kutokujua mambo mawili. Kwanza, lazima ukilegeze kinati cha nchani mpaka mwisho wake. Kikiwa kimekazwa, piga pampu mpaka kesho, hakuna kitakachoingia. Pili, ukishakilegeza, ibonyeze ncha kwa kidole mara moja mpaka usikie "pss". Valvu hii ikikaa siku nyingi inanatia kwenye kiti chake, na bila kuishtua namna hiyo utadhani pampu imekufa. Ukimaliza, chomoa kichwa cha pampu kikiwa kimenyooka. Ukikiyumbayumba, ile sindano nyembamba inapinda au kukatika, na safari ya Bagamoyo imeishia Tegeta.

Sasa nimefika mahali ambapo najua tutabishana, na tubishane kwa amani. Valvu ipi ni bora?

Wenzetu wa mbio watasema nyembamba. Wazee watasema ya kipira, kwa sababu imewalea. Mimi nasema swali lenyewe lianzie kwingine: ukiishiwa upepo kwenye njia yako ya kila siku, nani atakujazia? Wakati wazee wetu wanapanda baiskeli za Swala na Phoenix, mwenye pampu barabarani alikuwa fundi baiskeli, na pampu yake ilikuwa na kichwa cha kibanio kinachoshika valvu ya kipira. Leo tembea kutoka hapa mpaka Mtoni, hesabu vijiwe. Kwa kila fundi baiskeli mmoja utapita mafundi bodaboda kadhaa, na kila mmoja ana pampu au kompresa ya valvu ya gari. Ongeza sheli. Ongeza wale wa kuziba pancha za magari chini ya mti. Upepo wa mji huu umehamia kwenye valvu ya gari. Bodaboda ndizo zilizouhamisha, na sisi wa baiskeli hatukuambiwa.

Kwa hiyo kwa baiskeli ya kazi ya Dar es Salaam, ya mzigo, ya madafu, ya mkaa, na kwa guta, msimamo wangu ni valvu ya gari. Na kuhamia huko hakuna gharama ya ziada wala kutoboa kitu. Shina la valvu ya kipira na shina la valvu ya gari kwa chini yana unene unaokaribiana, yanapita kwenye tundu la ukubwa mmoja. Subiri tu tyubu yako ya sasa ichakae kabisa, halafu ile mpya unayonunua iwe ya valvu ya gari. Ipitishe kwanza kwenye rimu uone inakaa, ndipo ulipe.

Ukiwa dukani, usikubali kupewa tyubu kwa kutajiwa saizi peke yake. Maboksi mengi yana herufi. Ukiona AV, hiyo ni valvu ya gari. FV au PV ni nyembamba. DV au EV ni ya kipira. Wenye maduka, mfundisheni kijana wenu wa kaunta herufi hizo. Ni za kujifunza kwa dakika chache na zitamwokoa mteja nauli ya kurudi.

Lakini anayefanya kazi zake nje ya mji, ambako njiani hakuna bodaboda wa pampu ila fundi mmoja mzee mwenye kibanio chake, huyo abaki na valvu ya kipira na abebe mpira wa akiba. Sitamshauri vinginevyo. Na mwenye baiskeli ya mbio abaki na nyembamba, ila asitoke nyumbani bila adapta. Adapta ni kijipande cha shaba kinachofungwa juu ya valvu nyembamba na kuigeuza ipokee kichwa cha valvu ya gari. Kinaingia kwenye mfuko wa sarafu. Ipo pia ya valvu ya kipira.

Mafundi, hapa nina neno zito. Msizitoboe rimu za mbio ili kupitisha valvu ya gari. Nimeletewa rimu zilizotobolewa hivyo, zikiwa zimeanza kupasuka kuanzia kwenye tundu. Rimu nyembamba imepimwa kwa tundu la milimita 6 na nusu; ukilipanua mpaka 8 na nusu umekula chuma ambacho kingebeba mvuto wa spoki. Mteja akikubembeleza, mwuzie adapta. Kinyume chake kinawezekana, yaani valvu nyembamba kwenye tundu kubwa, ila lazima tundu lizibwe kwa ringi yake ndogo ya mpira au chuma. Bila hivyo shina linachezacheza, na tyubu inajitokeza kwenye mwanya huo mpaka ikatike.

Kuhusu sheli, kuna hatari moja. Tairi la gari dogo linachukua lita 20 hivi za nafasi au zaidi. Tyubu ya baiskeli ya kazi, ile ya inchi 28, haizidi lita 3. Kompresa inayolijaza tairi la gari kwa muda mfupi itaipasua tyubu yako kabla hujatoa mkono. Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Kati ya hapo tazama kama tairi limekaa sawa kwenye rimu pande zote mbili. Likiwa limepanda mahali, toa upepo ulirekebishe. Na muombe kijana wa sheli akuachie ushike mwenyewe, kwa upole, naye mara nyingi atakubali.

Tusiimalize valvu kwa lawama, maana pampu nayo ina makosa yake. Kuna watu wananunua pampu nene wakidhani ndiyo yenye nguvu. Inasukuma upepo mwingi kwa kila pigo, kweli, ila hesabu hii haina huruma. Pampu yenye upana wa milimita 30 ndani, ukifika PSI 60, inakudai usukume kwa uzito wa karibu kilo 30 kila pigo. Yenye upana wa milimita 20 inakudai karibu kilo 13. Mama mwenye baiskeli ya kapu, au mtoto anayekwenda shule, ataishindwa ile nene na ataimudu nyembamba, ingawa atapiga mapigo mengi zaidi. Kwa tairi pana la upepo mdogo, nunua pampu nene. Kwa tairi la upepo mwingi, nunua nyembamba na ndefu. Na kama pampu yako ya zamani ina kikombe cha ngozi ndani, na imeanza kupitisha upepo kwa juu, usiitupe. Ifungue, itanue ngozi kwa vidole, itie matone ya mafuta, iache usiku mmoja. Pampu nyingi zilizotangazwa kufa zina ngozi kavu tu.

Kiasi gani cha upepo? Soma ubavuni mwa tairi, kimeandikwa. Mwenye mzigo akaribie kile cha juu, na tairi la nyuma lizidi la mbele. Jua la mchana litaongeza kidogo: tairi la PSI 60 likipanda joto kutoka nyuzi 30 hadi 60 linafika kama 67. Usitoe upepo kwa kuogopa jua. Tyubu nzima na tairi zima haliwezi kushindwa na ongezeko hilo.

Nimalizie na ombi kwa mafundi wote. Kwenye kijiwe chako weka vichwa vitatu: cha kibanio, cha gari, na adapta ya nyembamba. Mtu yeyote anayesukuma baiskeli yake mpaka kwako asiondoke na upepo nusu kwa sababu ya kichwa cha pampu. Kwa mwenye baiskeli, kabla hujaondoka hapa leo, iname uiangalie valvu yako: ni ya namna gani, imesimama wima au imelala, ina kofia au haina.

Pale mezani kuna tyubu za valvu zote tatu, pampu mbili, yaani nene na nyembamba, na mpira wa valvu wa kutosha kila kijana kukata kipande chake. Wazee watatangulia, kisha akina mama, kisha sisi wengine. Kila mmoja avue kiini, akivishe mpira, akirudishe, ajaze, atie tone la maji. Atakayeona kipovu aniite.

Asanteni sana.